Taa ya Basi Lililokuwa Nyuma Yao

Usinikunjie uso. Kama huamini kwamba wanaume wazima wanaweza kutoa ushahidi wa ajali iliyotokea kisogoni mwao, basi hujawahi kuuza kahawa. Benchi langu la kona linautazama mlango wangu. Barabara na kituo cha basi viko nyuma ya migongo ya wanaolikalia. Anayeiona barabara ni mimi. Asubuhi hiyo mkwe wangu, dereva wa teksi tunayemwita Breki, alitakiwa mahakamani saa nne: wiki chache nyuma alikuwa amegonga ubavu wa basi likitoka kituoni hapo. Akishindwa, leseni inakwenda. Mashahidi wake wawili: Wakili, ambaye ni fundi viatu aliyewahi kufagia mahakama, na Profesa, ambaye ni kinyozi.

— Sheria inasema upishe basi likiwasha taa ya kutoka, akaanza Wakili. Lakini hiyo ni kwa basi lililojaa. Lile lilikuwa nusu.

— Nusu ipi, ya mbele au ya nyuma? akauliza Profesa.

— Ya nyuma.

— Basi unapisha kuanzia katikati!

— Jamani, leseni yangu hiyo! akasema Breki.

— Tulia, shemeji, akasema Profesa. Basi likikaa kituoni zaidi ya dakika tano si basi tena, ni jengo. Jengo halipishwi.

— Na jengo likianza kutembea, Wakili akadakia, wa kushtakiwa ni aliyelijenga!

Hata Breki akacheka.

Dada mmoja aliyekuwa akisubiri basi akameza kahawa yake, akauliza:

— Samahani, kaka zangu. Taa iliwaka au haikuwaka?

Wakili akamtazama Profesa. Profesa akageuka, nadhani kwa mara ya kwanza tangu benchi lipigwe misumari, akaitazama barabara.

— Mama, Breki akaniambia polepole. Wewe uliona.

— Iliwaka. Nilimimina vikombe viwili bado inawaka. Wewe ulikuwa unatafuta abiria upande wa pili.

— Sasa utasema nini huko?

— Hivyohivyo. Halafu nitasema umenipeleka hospitali kila wiki mwaka mzima, na kila tuta ulilipanda kama umebeba mayai. Wewe utaomba radhi. Hawa wawili wabaki hapa, wasije wakakufungisha maisha.

— Na kahawa je, mama? akalalamika Wakili.

Nikayamwagia makaa maji. Nikachukua mkoba, nikatoka, nikafunga mlango.