Namba Moja ya Moshi

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana: mama mpima hewa, amepakata kopo la bati lenye karatasi za kunasia vumbi, na wakili mwenye tai. Walipogundua wanakwenda mkutano mmoja, wa mkataba wa moshi unaovuka mipaka, utulivu ukaisha.

“Mama, tunasaini mchana. Nipe namba moja tu ya moshi ambayo mapafu yanaivumilia. Nchi jirani ikiizidisha, tuishtaki.”

“Ninayo, kaka. Ni mikrogramu kati ya thelathini na tano na arobaini na tano kwa kila mita ya ujazo ya hewa.”

“Hizo ni mbili! Ukiniandikia ‘kati ya’, wenye viwanda watapita hapo katikati na moshi wao wote.”

“Mapafu ya mtoto si ya mzee. Nikikupa moja nitakuwa nimekudanganya, na mwakani wapimaji wao watatuumbua.”

Wote wawili walikuwa sahihi, jambo ambalo huharibu ugomvi mzuri. Mimi, mchomelea vyuma, nikakohoa kama kawaida yangu. Wakanigeukia.

“Huyu sasa, mama, ni thelathini na tano au arobaini na tano?”

“Huyo ni sigara. Nimemnusa tangu anapanda.”

Nilicheka, maana ni kweli. Treni ikasimama. Wakili akambebea mama mkoba; kopo hakupewa. Wakashuka bega kwa bega.

“Niandike arobaini, basi,” nilimsikia wakili akibembeleza.

“Karibu arobaini,” mama akajibu, na milango ikafungwa.