Zamu ya Namba

Juu ya magunia ya maharagi, kando yangu ndani ya kamio, lori ya mizigo iliyotoka Ngungu, mzee Séraphin alimweleza mama muuza chumvi namna alivyopoteza mbuzi wa kulipia mahari ya mwanaye wa kiume kwa kamari ya kurusha sarafu ya franga sokoni. “Kichwa ilianguka mara ine, Mama. Nikasema sasa namba, ule upande wa pili, njo iko na zamu. Hata mulija ya pombe inazunguka, kila muntu anakunywa.”

“Mulija inapitishwa na bantu, Papa. Franga haijue kama ilishaanguka. Kila mara inaanza upya.”

“Leo najua. Lakini mara ine, Mama!”

Nikatazama migomba, mbuzi hakuwa wangu.

Kamio ikasimama Mweso. Kijana aliyekuwa akimngoja mzee akaita “Papa!” akicheka, begani kamba ya kufungia mbuzi wake wa mahari.