Bi Tunasikitika na Upande wa Nyuma wa Barua

Leo Ijumaa, tarehe 30, saa kumi kamili alasiri, Bi Tunasikitika anafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Ameitumikia nyumba yetu ya uchapishaji kwa miaka thelathini na minne, miezi mitatu na, kama afisa utumishi alivyosisitiza, siku tisa. Jina lake halisi limo kwenye cheti atakachokabidhiwa. Hili jingine alipewa na waandishi chipukizi, maana ndivyo kila barua aliyowaandikia ilivyoanza.

Mimi msahihishaji wa prufu nimepewa ukurasa mmoja wa ratiba hii, nikaambiwa nichangamke na nisiiguse Kamati. Kuchangamka nitajitahidi.

Aliingia hapa kama mpiga taipu wa wiki sita, kumshikia nafasi dada mmoja aliyekwenda kujifungua. Mtoto aliyezaliwa safari ile sasa ana watoto wawili, na dada bado tunamsubiri. Bi Tunasikitika akapewa chumba cha mwisho cha korido, kati ya stoo na choo cha wageni, na dawati ambalo mguu wake mfupi umeegemezwa kwa kamusi tuliyoivika kimakosa jalada la kitabu cha hesabu. Juu ya dawati hilo hadi jana mchana kulikuwa na miswada sitini na minne ambayo haijajibiwa. Aliomba aongezewe mwezi mmoja tu aimalize. Akajibiwa kwamba sheria ni sheria, na kwamba kuanzia Jumatatu kompyuta itawajibu wote kwa mpigo. Huyu mama hakulia siku mwanawe wa mwisho alipoolewa, lakini juzi nilimkuta chumbani kwake anajifuta macho, akasingizia vumbi la faili.

Kazi yake kwa mujibu wa mkataba ilikuwa rahisi. Mswada wa mtu asiyejulikana ukifika, mhariri anautazama, na mhariri mwenye haraka anatazama bahasha tu. Kisha Bi Tunasikitika anapiga mistari mitatu: tunasikitika, haukidhi mahitaji yetu kwa sasa, tunakutakia mafanikio. Mhuri, stempu, kwaheri. Msaada wetu kwa waandishi wanaochipukia uliishia hapo.

Samahani, ipo pia Kamati ya Kuwainua Waandishi Chipukizi. Inakutana kila robo mwaka, huu mwaka wa kumi na moja. Imetoa bango moja lenye picha ya mche, na imeketi mara mbili kujadili rangi ya mche huo. Hakuna chipukizi aliyewahi kualikwa kikaoni, kwa kuogopa atakuja na mswada.

Siri ya Bi Tunasikitika ilifichuliwa na penseli. Mtunza stoo, mtu ambaye hata kifutio hakutoi bila sahihi mbili, aligundua kwamba dawati linalotumia taipureta linamaliza penseli nyingi kuliko idara nzima ya michoro. Akashuku mama anafungua duka. Ukaanzishwa uchunguzi, barua za siku hiyo zikazuiwa kabla ya kwenda posta, zikageuzwa. Loo! Nyuma ya kila barua, kuanzia juu hadi chini, kulikuwa na maandishi ya penseli, madogo na yaliyonyooka.

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akisoma kila mswada kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mingine aliisomea nyumbani, mumewe fundi saa akiwa upande wa pili wa meza na kioo chake jichoni. Kanuni zake zilikuwa tatu na hakuwahi kuzivunja. Kwanza, mwambie kilicho kizuri, na kiwe cha kweli. Pili, mwonyeshe palipoharibika, na utaje ukurasa. Tatu, mwambie apeleke wapi: jarida gani linapokea hadithi fupi, redio ipi ina kipindi cha wasikilizaji, shindano lipi linafungwa lini, maktaba ipi ina watu wanaokutana Jumamosi kusomeana. Alikuwa akisema kumfungia mtu mlango bila kumwonyesha dirisha ni ukosefu wa adabu.

Uongozi ulifanya ambacho uongozi hufanya. Akaandikiwa barua ya onyo kwa matumizi mabaya ya karatasi za ofisi. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda nayo chumbani. Baada ya chakula cha mchana barua ikarudi mezani kwa mkurugenzi. Nyuma yake penseli ilikuwa imesema: “Hasira ya mwandishi ni ya kweli na inasomeka. Aya ya pili imerudia neno ‘utovu’ mara tano na bado hatujajua nani kaumia. Ikinyooshwa, inaweza kupelekwa kwenye ukurasa wa barua za wasomaji.” Mkurugenzi aliwaka. Halafu, mashahidi tupo, akafunga mlango na kuiandika upya. Ile ya pili ilikuwa nzuri sana, ila kufikia mwisho wake hakukuwa tena na kosa la kumwonya mtu.

Nami nilipita mkononi mwake, nisijifanye nimeanguka kutoka mbinguni. Nikiwa na miaka ishirini na mitatu nilileta riwaya ya kurasa mia nne, nikiwa nimeshachagua shati la kuvaa siku ya uzinduzi. Ilirudi. Sikula siku mbili. Mama yangu ndiye aliyeigeuza barua ile ili afungie karanga, akaniita. “Unajua kusikia watu wakigombana,” penseli ilisema. “Lakini shujaa wako amekufa ukurasa wa 41 na amekunywa chai ukurasa wa 58. Amua. Hapa kwetu wanatafuta msahihishaji wa prufu. Njoo Jumatano.” Nilikuja Jumatano. Shujaa sijaamua mpaka leo.

Wenzangu waliofanikiwa ni wengi, nimtaje mmoja. Muuguzi wa zamu aliyeandika hadithi kwenye migongo ya chati za joto la wagonjwa alielekezwa redioni, na kutoka redioni akapata mchapishaji, ambaye bahati mbaya hakuwa sisi. Alipotunukiwa tuzo, mkurugenzi alisimama na kusema tulimlea. Muuguzi akapanda jukwaani, akainua barua yetu ya kumkataa, akaigeuza ukumbi mzima uone penseli. Mwenyekiti wa Kamati alipiga makofi hadi miwani ikadondoka, akidhani inasifiwa nembo ya kampuni. Bi Tunasikitika hakuwa ukumbini. Hakualikwa.

Sasa turudi kwenye ile miswada sitini na minne. Kompyuta inajua mistari yote mitatu kwa ufasaha, tena haitaki likizo. Nyuma haina. Kwa hiyo jana jioni mimi na mtunza stoo, ambaye siku hizi hutoa penseli bila sahihi hata moja, tulibaki kupanga ukumbi huu. Mgeni mpendwa, ingiza mkono chini ya kiti chako. Huo ulioshika ni mswada, na una mtu wake anayengoja. Walioalikwa ni sabini, kwa hiyo sita mmepona, mtachonga penseli. Barua imo ndani ya bahasha, ina mistari mitatu mbele, nyuma ni nyeupe. Kamati imewekewa safu ya kwanza ya viti kwa heshima. Mkurugenzi tumempa riwaya ndefu kuliko zote, na milango itafunguliwa tukimaliza.

Bi Tunasikitika alikuwa hajui haya. Anayasoma sasa hivi kama wewe. Usimtazame, ataona haya.

Mama, na wewe kanuni ni zilezile. Kilicho kizuri: kwa miaka thelathini na minne hakuna mtu aliyetuandikia akakosa kusomwa. Palipoharibika: ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ulifanya peke yako kazi iliyokuwa yetu sote, nasi tukaiita ukarimu wako ili tusikusaidie. Asante, na utuwie radhi. Pa kupeleka: nyumbani, kwa fundi saa, ambaye amekungoja upande wa pili wa meza miaka yote hiyo bila kutazama saa hata moja ila za wateja. Ukaishi raha mustarehe, na Jumatatu usije kutukagua.

Huko nyumbani unakokwenda hawakurudishi kama mswada.