Filimbi ya Kamanda

Kijiwe chenyewe ni benchi refu nje ya kibanda cha fundi viatu, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali. Hapo ndipo hukaa wafunga mahema ya sherehe wakisubiri kazi, na kahawa haiwapigi chenga. Lakini asubuhi ile Kamanda, kiongozi wao, alikuwa akiizungusha tu kahawa kikombeni. Jana hema lilianguka harusini, likamvunja bega mwenzao Twiga. Sheria ya Kamanda ilikuwa moja: mtu asivute kamba, asiachie, wala asifungue mdomo mpaka filimbi ilie. Basi jana kawashikisha watu kamba, wajomba wa bwana harusi wakamwita mezani, akaenda. Upepo ukaja. Watu wakangoja filimbi, na filimbi iko mfukoni, mwenyewe mdomo umejaa nyama.

– Ule haukuwa upepo wa kawaida – alisema Redio, mshika kamba wa kushoto, mtu wa kutangaza hata asiloliona. – Ule ulitumwa.

– Na nani? – aliuliza Nusu Kilo, mshika kamba wa kulia.

– Wale wenye mahema mekundu wa mtaa wa pili. Kikulacho ki nguoni mwako.

– Hiyo methali haiendi hapo.

– Kwani hema si nguo?

Fundi viatu, wanayemwita Profesa, aliweka sindano chini.

– Upepo mnauonea bure. Nguzo ya chuma ikipigwa na jua hurefuka. Ikirefuka huchungulia. Ikichungulia, huanguka.

– Jana si kulikuwa na mawingu? – aliuliza Nusu Kilo.

– Hapo ndipo pabaya zaidi. Chuma kinashtuka.

Kamanda alijilazimisha kucheka. Alijua wanamsitiri, kama watu wanavyomfunika shuka mzee aliyelala vibaya. Redio na Nusu Kilo walimwona kwa macho yao akimega nyama. Angeweza kusema yaishe. Badala yake akajisikia anasema:

– Twiga naye, siku hizi masikio yake mazito.

Redio akalidaka neno kabla halijatua.

– Enhe! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

– Kavunjika bega – alisema Nusu Kilo.

– Aliangukia upande mwingine tu.

Wakacheka wote isipokuwa Kamanda. Uso ulimwaka, akatamani ardhi immeze na kikombe chake.

Kicheko hakijaisha, mke wa Twiga akatokea, amejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyeacha kazi nusu.

– Hamjambo, shemeji zangu.

– Hatujambo, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?

– Bega limefungwa, ila usingizi hana. Ananiuliza jambo moja mpaka nimechoka, nikasema nije kwa mwenyewe. Shemeji Kamanda, ile filimbi uliipiga, yeye asiisikie? Maana anasema kama ni masikio yake, kazi anaacha, asije siku moja akaua mtu.

Profesa akarudia kiatu chake. Kamanda aliwatazama wenzake wawili. Nao wakamtazama, midomo imefumbwa, wanangoja aseme yeye ndipo na wao waseme. Ndivyo alivyowazoesha miaka yote, na alikuwa akijisifia. Sasa aliona aibu, akaweka kikombe chini.

– Sikupiga, shemeji. Nilikuwa nakula. Mwambie masikio yake ni mazima, aibu ni yangu.

Mwanamke hakugomba. Aliitikia kwa kichwa, akawageukia Redio na Nusu Kilo.

– Na nyinyi mliliona hema linalala?

– Tuliliona – alisema Nusu Kilo taratibu.

– Likimwelekea yeye?

– Likimwelekea yeye.

– Sasa mbona hamkumwita mwenzenu akimbie?

Redio, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alimtazama Kamanda. Nusu Kilo naye vilevile. Jibu lilikuwa la Kamanda, ile sheria yake ya kutofungua mdomo, naye akaishia kuitoa filimbi mfukoni na kuiweka benchini.