Akina Said Arobaini na Mmoja

Al Khuwair, mjini Maskati, nyuma ya majengo ya wizara, baina ya kinyozi na duka la chai ya karaki, pana benchi la chuma lisilojulikana mwenyewe. Kila baada ya alasiri hukaliwa na watu wale wale na dalla moja, birika la kahawa. Yupo Mahfoudh, mstaafu wa serikali, waliyempachika jina la Mudiri, yaani mkurugenzi, kwa sababu hata sukari huiomba kama anayeandika barua ya kiofisi. Yupo Jaifar, aitwaye Fatwa, ambaye sharia hakuisomea lakini hukumu hazimwishi. Yupo Maan, Nusu Habari, ambaye habari humfikia mkia bila ya kichwa. Na yupo Douglas, fundi wa viyoyozi kutoka Nakuru, wanayemwita Baridi. Siku hiyo Mudiri alifika, na kahawa ya finjani ya kwanza akaimwagia kanzu yake.

— Nimeua, akasema.

— Umemuua nani? Maan akaruka.

— Waliokwisha kufa.

Hawakumcheka, maana Mudiri si mtu wa mzaha.

Ikabidi aeleze. Kila mwaka, siku aliyofariki mama yake, ukoo hukutana kwa dua ya arwahi, na majina ya marehemu wao wote husomwa moja moja, wa Unguja na wa Maskati. Mama aliyaandika katika daftari, majina elfu moja na mia tatu. Mafuriko yalipoingia nyumbani, daftari likawa uji. Salama yao ni kuwa Mahfoudh alikwisha kuyachapa mwezi mzima na kuyaweka katika tovuti, na sasa tovuti hiyo ndiyo kila kitu. Lakini Balqis, jamaa yao wa Unguja, akalalamika kuwa ukurasa ni mzito, hadi umfungukie watu wameshakula halua na kuondoka. Basi mchana ule Mahfoudh akaingia katika mitambo ya kampuni inayomhifadhia tovuti, akaona pameandikwa "bana maudhui yote". Akabonyeza ili kuupunguzia uzito. Tangu hapo hajathubutu kuufungua ukurasa, na siku hiyo ndiyo ya dua, ukoo mzima utausoma baada ya magharibi.

— Kabla, ulikuwa na uzito wa kilobaiti mia nne na kumi, alisema. Baada ya kubana, tisini na sita. Nambie, Douglas. Hizo mia tatu na kumi na nne ni kina nani?

— Si mtu yeyote, Ami. Unaogopa bure.

— Robo tatu ya ukoo! Maan akapiga paja. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo wanavyopotea watu hivyo.

— Hakuna mwenye amepotea, Douglas alisema. Mimi nikituma blanketi nyumbani, naitia kwa ile mfuko ya kunyonya hewa. Inakuwa nyembamba kama gazeti. Ikifika Nakuru mama anafungua, blanketi inafura, iko vile ilikuwa. Simu ya msomaji ndiyo itafungua huo mfuko. Khalas.

Mahfoudh alihisi pumzi inamrudia. Lakini Jaifar alishaweka finjani chini, na Fatwa akiweka finjani chini ujue kuna mtu atalala na wasiwasi.

— Hewa imetolewa, sawa. Na katika ukoo wa Mudiri, hewa ni nani?

— Mzee, huo ni mfano tu!

— Basi sema bila ya mfano.

Hapo ndipo Douglas alipokosea. Alitaka kuwa mkweli.

— Iko hivi. Mashine inaangalia maneno yenye yanarudi. Kina Said ni wangapi kwa hiyo orodha?

— Arobaini na mmoja, alisema Mahfoudh. Ukoo wetu haukuwa na shida ya watoto, ulikuwa na shida ya majina.

— Haya. Mashine haiandiki Said mara arobaini na moja. Inaandika mara moja, hao wengine inawawekea alama tu: rudi pale juu, jina ni lile lile.

— Lahaula! Jaifar akadakia. Akina Said arobaini na mmoja wamefanywa mmoja?

— Si nyinyi husema umoja ni nguvu? Douglas alijaribu kucheka.

— Umoja wa walio hai! Yakhe, marehemu kila mmoja ana kaburi lake. Dua ikienda kwa Said mmoja, wale arobaini wanapata nini? Alama? Siku yao ni hii kwa mwaka mzima. Watamuuliza mwenzao, na zetu ziko wapi? Asiyekuwepo na lake halipo.

Methali za Jaifar kwa kawaida hukosa shabaha, lakini ile ilimpata Mahfoudh pa kumpata.

— Mimi nasikia kubwa zaidi, Maan akainama. Kampuni hizi zinabana kusudi. Pale panapobaki wazi wanapauza. Mahala pa babu yako sasa yumo marehemu wa watu wengine. Leo, Mudiri, utamuombea dua Mjerumani.

— Wee Maan, hiyo umesikia wapi? Douglas aliuliza.

— Nilisikia nusu.

— Na ukibonyeza tena ili kurudisha, Jaifar akaongeza, itabana kilichokwisha kubanwa. Watabaki wangapi? Watatu?

Mahfoudh alikuwa akiogopa, na hakuona haya kuogopa. Akina Said walikuwa na watoto na wajukuu wa kuwakumbuka. Yeye alikuwa akimfikiria bibi yake, mama wa mama, aliyemlea Unguja hadi umri wa miaka saba, akimmenyea chungwa na kumpa yeye kokwa azipande. Watoto wake wote wameshakwenda. Duniani amebaki mjukuu mmoja wa kumuombea, na mjukuu mwenyewe ndiye aliyebonyeza.

Pikapu ikasimama. Akashuka Wambui, anayefanya kazi pamoja na Douglas.

— Habari zenu, wazee. Douglas, twende. Watu wa Qantab wameiva na joto, kiyoyozi kimezima.

Douglas akamsimulia kwa kifupi. Wambui akamtazama Mahfoudh kwa huruma.

— Pole, Ami. Si ufungue tu uangalie? Mwenye unamwogopea sana ni nani?

— Bibi yangu.

— Basi tafuta jina yake hapo. Alikuwa anaitwa nani?

Mahfoudh akasoma bismillahi, akafungua. Ukurasa ulitokea hata kabla hajanyanyua kidole. Akina Said walikuwapo, kila mmoja na mstari wake, na baba yake, na babu yake.

— Ona sasa, alisema Douglas. Wote wako.

Mahfoudh akaandika "Bi Mkubwa". Hakuna. Bila shaka hakuna. Mama aliandika majina kamili, yanayosomwa kwenye dua. Lakini Bi Mkubwa ndivyo alivyoitwa na mama, na majirani, na hata aliyekuja kuleta habari ya msiba, na jina jingine Mahfoudh hakuwahi kulisikia. Mwezi mzima Mahfoudh alichapa majina kama achapavyo barua za wizara, jicho kwenye mstari unaofuata, na jina la bibi lilipita humo humo chini ya vidole vyake.

— Jaifar, aliuliza kwa sauti ndogo, wewe ulimuona kule Unguja. Aliitwa nani yule?

Fatwa naye alimjua kwa Bi Mkubwa tu. Maan hakuwa na hata nusu. Wambui akasimama na funguo za gari mkononi, akidhani ameuliza jambo baya.

Muadhini wa magharibi akaanza. Mahfoudh akaendelea kuteremsha orodha kwa kidole, binti Khamis, binti Rashid, binti Nassor, na yeyote kati yao angeweza kuwa yeye.