Chrispinus Shikanga, Fundi Aliyesafisha Injini Mpya kwa Magunzi

Miaka thelathini na moja si mchezo. Fundi Chrispinus Shikanga aliingia gereji yetu hapa Kakamega mwezi wa Machi 1994. Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, atatundika ovaroli yake msumarini kwa mara ya mwisho na kurudi kwake Butere. Nimeambiwa niandike mimi kwa sababu nimeosha vipuri vyake miaka tisa. Shule niliachia darasa la saba, lakini nilichokiona nakijua.

Alianza na kabureta. Siku hizo gari likikohoa, Shikanga alichomoa plagi, akaitazama rangi, akainusa, kisha akamwambia mwenye gari hata barabara anayopitia kwenda nyumbani. Mara nyingi alipatia. Akikosea, alisema plagi imedanganya.

Kisha magari yakabadilika. Katika injini mpya za petroli, pampu inasukuma mafuta kwa nguvu kubwa na nozeli inayapuliza ndani ya silinda yenyewe, kidogo kidogo, wakati hasa yanapohitajika. Yanaungua vizuri zaidi, na gari linakwenda mbali kwa mafuta machache. Mafundi wengi wa rika lake walizikimbia. Shikanga alisema moto ni moto tu, na hapo ndipo alipoteleza.

Mwaka 2019 Mwalimu Navalayo wa Khwisero alileta gari lenye injini ya namna hiyo, likitetemeka kila linaposimama. Shikanga akafanya alivyozoea: akabadilisha plagi, akamwaga dawa ya kusafisha kwenye tangi. Gari likarudi. Akamwaga tena. Liliporudi mara ya tatu, Mwalimu aliuliza mbele ya wateja, "Fundi, hii gari ni ya kunipeleka shule ama ni ya kukuja kukusalimia?"

Tulicheka. Mama Maximilla, mwenye gereji, hakucheka. Alimpa Shikanga hadi Ijumaa. Akishindwa, gari lingepelekwa Kisumu, naye angeenda nyumbani moja kwa moja. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Alhamisi alifungua njia ya hewa, akamulika tochi. Valvu zilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria ya obusuma, ugali wa huku. Akaniita kwa jina la mji wa kwetu, maana jina langu hajawahi kulitumia: "Mwingi, kuja uone ujinga yangu." Kwa injini hizi petroli haipiti hapo tena, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuziosha valvu, na ile dawa ya kwenye tangi haikuzifikia hata tone.

Kuzikwangua masizi kwa chuma kungezikwaruza. Akanituma nitafute magunzi makavu ya mahindi, nikayatwanga kwenye kinu na kuyachekecha mpaka yakawa kama mchanga. Yeye aliizungusha injini kwa mkono hadi valvu za silinda anayosafisha zifunge kabisa, akapuliza magunzi kwa kompresa, kisha akanyonya yote yasibaki ndani. Ijumaa saa nne aliwasha gari na kuweka kikombe cha chai juu ya injini. Chai haikutikisika.

Angeweza kunyamaza. Badala yake alimwambia Navalayo sisi sote tukisikia, "Mwalimu, gari haikuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa mimi."

Wiki iliyofuata Mwalimu alituletea kuku. Huku imondo, yaani firigisi, haiguswi ovyo. Ni ya mwanaume anayeheshimiwa pale mezani. Wote walimsogezea Shikanga. Yeye akaichukua na kuiweka kwenye sahani yangu. "Aliyetwanga ni huyu," akasema, akaendelea kula. Kwetu ni mbali, na hapa hakuna aliyewahi kunipa kitu kama kile.

Tangu siku hiyo injini hizo zinaletwa hapa kutoka kote, kuanzia Iguhu hadi Lugari, na hatujapeleka hata moja Kisumu. Wengine wanauliza zitaenda wapi akiondoka. Jumanne iliyopita nilisafisha moja peke yangu. Alikuja na chai yake, akaweka kikombe juu ya injini iliyowashwa, akaona chai imetulia, akakichukua na kwenda kunywea kivulini.

Asante, Fundi, kwa kazi na kwa ukweli wako. Ijumaa kuna kuku. Imondo ni yako, na safari hii usimpe mtu. Nenda salama Butere, uzeeke polepole, na injini yako isitetemeke. Mulembe, amani iende nawe.