Sarafu Iliyooshwa

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha kutengeneza saa, na kila Jumamosi alasiri tunakaa pale watu wanne. Mimi wananiita Dakika, kwa sababu sivumilii mtu anayechelewa. Yupo Chaki, mwalimu mstaafu. Yupo Wembe, kinyozi wa duka la pili, anayefanya kazi kwa mdomo zaidi kuliko kwa mkasi. Na yupo Dada Uzi, fundi cherehani, ambaye ukimchokoza unarudi nyumbani umenywea. Tunakusanya sarafu za kale. Hatuuzi, hatununui kwa mashindano, ni ugonjwa tu na hatutafuti dawa. Zote zinakaa kwenye kopo la biskuti kibandani kwangu, na kila wiki mtu mmoja anachagua moja akalale nayo kwake. Kabla hajaondoka nayo, anaweka ukurasa wa daftari juu ya sarafu, anapitisha penseli mpaka sura itokee, kisha anaandika jina lake chini. Sheria ni moja: sarafu ya kale haioshwi. Weusi wake ndio ngozi yake. Ukiisugua, maandishi nayo yanakwenda na maji. Kahawa inaletwa na Birika, muuza kahawa wa mtaani, ambaye siku hiyo aliweka vikombe vitano.

— Tuko wanne, nikamwambia. Leo umeanza kuhesabu na mbuzi?

— Mkono umezoea, Dakika. Samahani.

Hakukiondoa. Kikabaki pale mwisho wa benchi, kwenye nafasi ambayo huwa hatuikalii, hata tukibanana.

Wembe ndiye aliyekuwa na zamu. Alikuja ameizungushia sarafu taulo la kunyolea, akaliweka katikati yetu na kurudisha mkono haraka.

— Chukueni wenyewe. Mimi simpi mtu mkononi.

— Kwani imekuuma? Dada Uzi akauliza.

— Inaniangalia.

Tukacheka sana, mpaka Chaki akakohoa. Nikafungua taulo na kicheko kikanikauka. Ile sarafu ya shaba, yenye kichwa cha mfalme wa zama hizo, tuliyoipenda kuliko zote, ilikuwa inametameta. Maandishi ya ukingoni hayakuwapo tena. Damu ikanipanda kichwani.

— Nani ameiosha?

— Haki ya Mungu si mimi! Wembe akaruka. Nimeipokea hivi hivi kwa Uzi.

— Na mimi hivi hivi kwa Mwalimu, akasema Dada Uzi. Nikanyamaza, mtu mzima haumbuliwi hadharani.

— Niumbuliwe kwa lipi? Niliikuta kwenye kopo inang'aa. Nikajua ni Dakika.

— Mimi? Mimi nioshe sarafu? Bora useme nimeogea na saa ya mteja!

— Basi imejiosha, akasema Wembe. Ndiyo maana nawaambia. Hebu leta daftari.

Nikalileta kwa hasira pamoja na penseli yake, nikijua daftari litamtaja mkosaji. Ukurasa wa Chaki, wiki tatu nyuma: mfalme anatazama kushoto, pua ndefu, sikio moja. Ukurasa wa Uzi, wiki mbili nyuma: pua imefupika, na jicho la pili linachungulia. Ukurasa wa Wembe, Jumamosi iliyopita: macho yote mawili, na karibu uso mzima.



— Karatasi iliteleza, akasema Chaki. Mkono wangu unatetemeka siku hizi.

— Iteleze kwako, iteleze kwa Uzi, iteleze na kwangu? Mwalimu, usinichoshe. Huyu mtu anageuka.

— Anageuka kwenda wapi?

— Kwetu.

— Wembe, acha kututisha mchana kweupe, akasema Dada Uzi.

— Subirini, sijamaliza. Kinyozi anasahau majina, hasahau kichwa. Huu mzunguko wa nywele hapa juu ya paji, wa kukimbilia kushoto... hiki kichwa nimekinyoa mimi. Kwa mkono huu.

— Umemnyoa mfalme aliyekufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa, nikasema. Ulimtoza kiasi gani?

Nilitegemea Dada Uzi acheke nami. Alikuwa ameinamia ukurasa.

— Na hii kola ni yangu, akasema polepole. Angalia pindo. Mishono miwili, halafu nimeirudia, kwa sababu mwenyewe alitaka idumu. Mwenyewe nani, sasa?

— Wafalme hawakuvaa kola, akasema Chaki. Nyie wawili mna njaa. Tuseme ukweli wa kitaalamu: hapo juu ya sikio kuna unyoya wa taji. Mfalme kamili.

— Unyoya gani umechongwa ncha, Mwalimu? akauliza Wembe.

Nikavaa kioo changu cha jichoni, kile cha kuangalia vidude vya ndani ya saa, nikaiinua sarafu yenyewe. Mimi si mtu wa mizimu. Kazi yangu ni vitu vinavyoonekana. Basi niliona sikio, na juu ya sikio penseli. Wala si penseli ya duara ya shule. Ilikuwa bapa, ya mafundi mbao, ile isiyoviringika ukiiweka juu ya ubao.

Nikatazama mkononi mwangu. Penseli ya kijiwe chetu, tunayochapia siku zote, ni nyekundu na bapa. Ina alama za meno nyuma.

— Hii penseli ni ya nani?

Kila mmoja akamtazama mwenzake. Niliogopa, naandika wazi, niliogopa.

Hapo akaja mwanamke. Amevaa kanga, kandambili zimepauka kwa vumbi la barabara, macho mekundu ya mtu asiyelala. Hakutusalimu kama mgeni. Alipita mbele ya Chaki, mbele ya Uzi, akapapasa ukingo wa benchi kwa kiganja bila kuangalia, mpaka kidole kikasimama kwenye jicho la mbao ambalo mimi, mwenye kibanda, sikuwahi kuliona.

— Hapa randa ilimkwama, akasema. Alirudi nyumbani ananung'unika siku nzima.

— Nani, dada? nikauliza.

— Mume wangu. Aliyewatengenezea hili benchi.

Tukalitazama benchi. Wallahi miaka yote sijajiuliza nani alilitengeneza.

— Utakuwa unatuchanganya na wengine, akasema Chaki kwa upole. Hapa tuko wanne, mama.

— Mlikuwa watano. Alichukua hiyo sarafu ilipokuwa nyeusi. Akaisugua kwa limau na majivu. Nikamwambia, wenzako si wamekataza? Akacheka. Akasema, nataka nione watakavyoshangaa Jumamosi. Alitaka kuwafurahisha tu. Nikaenda kuanua nguo, kurudi yeye hayupo, nikakuta beseni, maji meusi, na hiyo imekaa chini inang'aa. Nikairudisha. Nilikupa wewe, fundi saa. Mkononi.

— Mimi sijawahi kukuona.

— Kila Jumamosi unasema hivyo.

Akanyoosha kidole kwenye daftari, akaonyesha kwa ishara nigeuze. Hatuna kawaida ya kuangalia nyuma ya kurasa. Nyuma ya ukurasa wa Chaki kulikuwa na mstari mmoja wa mwandiko wangu mwenyewe, nautambua, herufi zimebanana:

*Amekuja mwanamke. Anauliza mumewe yuko wapi. Hatumjui.*

Nyuma ya ukurasa wa Uzi:

*Amekuja tena. Anauliza kama mumewe alikuwa mrefu au mfupi. Yeye mwenyewe hana hakika. Hatumjui.*

Nyuma ya ukurasa wa Wembe:

*Amekuja. Anauliza sauti yake ilikuwaje. Amelia. Hatumjui.*

Dada Uzi akaweka mkono mdomoni. Nikarudisha kurasa nyuma, mpaka kwenye chapa ya mwisho kabla ya Chaki. Hapo sarafu bado ina maandishi ukingoni, mfalme ni mfalme wa kawaida tu mwenye ndevu, hana kola wala penseli. Na chini, mahali mtu anapoandika jina lake, pako peupe. Karatasi imebonyea, penseli ilipita pale, lakini hakuna kitu.

— Ameosha maandishi, akanong'ona Chaki. Na jina lake likaenda nayo.



Wembe alisimama. Akasogeza kikombe cha tano, akapangusa ile nafasi ya mwisho kwa taulo lake.

— Kaa, shemeji, akasema. Usisimame juani. Kaa, shemeji yetu.

Akashtuka mwenyewe. Sote tulishtuka. Neno lilitoka lenyewe, likakaa mahali pake, na nikajua kwa uchungu kabisa kwamba nimewahi kumwita hivyo mara nyingi, nikiwa nimekaa hapa, nikicheka na mtu.

Mwanamke hakukaa. Uso wake ulifunguka, akatutazama mmoja mmoja.

— Shemeji? Basi mnamjua!

— Tunamjua, akasema Dada Uzi, machozi yanamtoka.

— Ahsanteni. Ahsanteni sana. Leo sikuja kumtafuta. Leo nimeamka, nimeshika shati lake, nikataka kumwita, nikakosa.

Akashika mkono wangu, ule wenye penseli.

— Niambieni tu. Mume wangu anaitwa nani?

Chaki aliyeita majina ya watoto daftarini miaka thelathini aliinamisha kichwa. Mimi nililitafuta hilo jina. Nililitafuta kama ninavyotafuta skrubu iliyoanguka, pole pole, bila kupumua. Nililisikia linapita. Hapa tunaitana Dakika, tunaitana Wembe. Na yeye tulikuwa na neno letu la kumwitia, la utani, na alikuwa akiitika kutoka kona ile kabla hatujamwona. Halikuja.

Birika akamimina. Birika lake lilikuwa tupu.

Mwanamke alisubiri mpaka akaelewa kwamba na sisi tunalisubiri jina pamoja naye. Akakaa, hatimaye, kwenye nafasi ile, akakishika kikombe cha tano kwa mikono miwili, akakinywa kikiwa kimepoa. Kisha akaenda zake.

Ilikuwa zamu yangu. Nikaweka ukurasa mpya juu ya sarafu, nikapitisha penseli. Sura ilitoka yote, imetuelekea sisi wanne, mdomo wazi, wa mtu anayeitika.

Nimeandika haya yote nyuma ya ukurasa huo huo, herufi zimebanana, na hapa chini nimeongeza kwa herufi kubwa: *Dakika, Jumamosi akija, usimwambie humjui. Mwite shemeji. Mpishe akae.*

Chaki amesoma juu ya bega langu, ameniuliza shemeji ni nani.